Kijuma wa Amu: Fundi Aliyewafundisha Maprofesa

Jina la Muhamadi Kijuma wa Amu si geni kwetu watu wa mwambao. Lakini ukiuliza Kijuma alikuwa nani, jawabu utakalopewa litategemea ni nani umemwuliza. Mwalimu wa shule atakwambia alikuwa mshairi. Seremala atakwambia alikuwa fundi wa nakshi. Mpiga kinanda atasema alikuwa mwenzake, mtu wa ngoma na nyimbo, aliyejua hata kuvitengeneza vyombo vyenyewe. Na bingwa wa miswada huko London au Berlin atakuonyesha karatasi zilizoandikwa kwa khati nzuri ya Kiarabu, akwambie kuwa Kijuma alikuwa mwandishi wa khati. Wote hao wamesema kweli, na kweli yao hiyo ndiyo iliyonitia mimi mashakani kwa muda wa miaka miwili.

Mimi ni mwalimu hapa Gongoni, kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Garsen. Mji wetu unajulikana zaidi kwa chumvi kuliko kwa mashairi. Apitaye hapa wakati wa jua kali huona viwanja vya maji ya bahari yaliyofungiwa yakauke, na marundo meupe yanayoumiza macho. Katika umri ambao wenzangu wanahesabu miaka ya kustaafu, mimi niliingiwa na tamaa ya kusomea shahada ya udaktari. Nilitaka kuuchunguza ushairi wa pwani pamoja na khati na nakshi za mbao, kwa sababu nikiviona vitu hivyo naona mkono mmoja.

Chuo nilichokiomba sitakitaja. Idara ya fasihi ilinijibu kwa adabu kwamba milango na masanduku si kazi yake. Idara ya sanaa za mikono ikasema tenzi hazimo katika fani yake. Watu wa historia wakanishauri nichague mji mmoja na miaka michache, na mambo ya urembo niyaache. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kuandika jina la idara, nayo ilikaa mezani kwangu hata pembe zake zikaanza kujikunja. Mke wangu alikuwa akiifutia vumbi kila Ijumaa wala hakuniuliza kitu, na kule kutoniuliza kulinichoma zaidi kuliko kama angeuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kuyasoma maisha ya Kijuma kwa makini.

Jina lake kamili ni Muhammad bin Abubakar bin Umar al-Bakari, na wako wanaoliandika Kijumwa badala ya Kijuma. Alizaliwa Amu kiasi cha mwaka 1855, wakati ambapo mji ule ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja, majahazi yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, boriti za mikoko zikipelekwa Arabuni. Alisoma chuoni kama watoto wenzake, akajifunza Kurani na maandishi ya Kiarabu. Mengine aliyafundishwa na mji wenyewe.

Nataka msomaji aufikirie mji huo. Tuseme kuna harusi. Nyumba ya mawe ina mlango wa mbao uliochongwa, na ndani kuna zidaka ukutani zilizopangwa vyombo vya kaure. Kitanda kina nakshi. Nje kuna ngoma na mashindano ya mitaa, kila upande na malenga wake, na maneno yanayoimbwa ni mashairi yaliyotungwa kwa siku hiyo. Ndani kina mama wanasomewa utendi. Mtoto akikua katika mji kama huo hawezi kuambiwa kwamba huu ni ushairi na ule ni useremala, na kwamba kila kimoja kina ofisi yake. Kijuma alitunga, akaandika, akachonga, akapiga, akacheza. Kwa watu wa Amu wa zamani zake kipaji chake kilizidi cha wengine, lakini hakuna aliyeona ajabu mtu mmoja kuyachanganya yote hayo.

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1890 Waingereza waliuweka usultani wa Unguja chini ya himaya yao, na mwaka 1895 wakatangaza himaya ya Afrika ya Mashariki. Reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901, na biashara ikaifuata. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria, na matajiri wa mashamba wa Amu wakapungukiwa na mikono ya kazi. Mtu mwenye ufundi wa Kijuma anahitaji matajiri wa kumwagizia milango na sherehe za kuimbiwa. Matajiri walipopungua, alitokea mnunuzi wa namna nyingine, naye alitaka karatasi.

Wa kwanza kutajwa ni Bibi Alice Werner. Mama huyu alikuwa Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1911 hadi 1913, akafika Amu kutafuta tenzi, na baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London. Mwaka 1913 Kijuma aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo, kisa cha shujaa wa Ozi na Pate. Utenzi huo ulipigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1973 na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, na tangu hapo umesomwa na maelfu ya wanafunzi. Wengi wao hawakumjua aliyeuandika ila kama jina lililopigwa chapa katika jalada.

Kazi ya mwandishi wa khati wakati huo isidharauliwe. Khati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Herufi ya be katika karatasi ya zamani yaweza kusimama badala ya b, au p, au mb. Mzungu aliyeijua khati tu, asiyejua utendi unavyoimbwa, angeweza kusoma neno moja kwa namna nne na zote zikawa na maana. Aliyeweza kumwambia lipi ndilo ni mtu anayeujua utendi kwa sikio, aliyeuimba au aliyeusikia ukiimbwa. Kwa hiyo mkono wa Kijuma haukunakili tu. Kila alipoandika alikuwa akihukumu baina ya usomi na usomi, na hukumu hiyo ilitoka katika ngoma na katika barza kama ilivyotoka chuoni.

Tutazame kisa chenyewe cha Liyongo. Shujaa amefungwa gerezani, na mfalme amekwisha azimia kumwua. Mama yake anamtumia mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada, akijua kwamba walinzi watainyang'anya mikate mizuri na huu wa wishwa wataudharau. Ndani ya mkate mna tupa. Sasa Liyongo anaomba apigiwe gungu, anawafundisha watu maneno ya wimbo, na vyombo vinapolia kwa pamoja yeye anakereza pingu zake. Walio nje hawasikii sauti ya chuma.

Msomaji wa fasihi peke yake ataona hapo hila nzuri ya mtungaji. Lakini mwulize mtu wa ngoma, atakwambia kwamba hila hiyo haiwezekani kwa ngoma yoyote tu. Lazima iwe ngoma ya watu wengi, yenye vyombo vya shaba na pembe, iliaye bila kukatika. Mwulize mhunzi, atakwambia tupa inalia namna gani juu ya chuma na inachukua muda gani. Kijuma aliyajua ya gungu kwa mwili wake, na vyombo alivijua kwa kuvitengeneza. Alipoiandika sehemu hiyo hakuhitaji kuuliza mtu.

Katika miaka ya 1930 akawa anaandikiana na Bwana William Hichens, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi huku kwetu kisha akarudi kwao. Barua na nakala za tenzi zilikwenda na meli. Mwaka 1934 Bibi Werner na Hichens walitoa kitabu cha wasia wa Mwana Kupona, na mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi. Katika miaka ya 1936 na 1937 akafika Amu Mjerumani, Bwana Ernst Dammann, akakaa na mzee huyu ambaye sasa umri wake ulikuwa umepita miaka themanini, akimwandikia na kumfasiria. Mwaka 1940 Dammann alichapisha Hamburg kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu.

Ukizijumlisha kazi hizo utaona kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo vyuo vya Ulaya viliyajua juu ya ushairi wa Amu kabla ya vita vya pili yalipitia katika kalamu ya mtu mmoja. Waliokuja kwake walikuwa na vyeo vya uprofesa na udaktari au waliviendea. Yeye alilipwa kwa kunakili, akashukuriwa katika dibaji. Sisemi kwamba walimdhulumu. Bila ya wao karatasi nyingi zingeliwa na mchwa, na sisi wenyewe tunajua tulivyoziacha karatasi za wazee wetu ndani ya masanduku hata zikawa unga. Nasema tu kwamba utafiti ulikuwa ukifanywa na watu wawili wawili, na ni mmoja aliyevaa joho.

Liko jambo ambalo watu wa kwetu hulinong'ona, nami sitalificha. Kijuma alisuhubiana sana na wamishonari wa Kijerumani waliokuwa Amu, na katika baadhi ya maandishi jina lake limefuatishwa lakabu ya Masihi. Wengine walimchukia kwa sababu hiyo. Wengine walisema ni njia yake ya kutafuta riziki wakati wa shida. Mimi si kadhi, na aliyomo kifuani mwa mja anayajua Mola wake. Ninalojua ni kwamba mkono huo huo uliendelea kuziandika tenzi za Kiislamu, na kwamba sababu moja ya mtu huyu kusahauliwa mjini kwake huku akitajwa ugenini ni haya tuliyoona haya kuyazungumza.

Basi nikarudi kwenye shida yangu. Katika kutafuta-tafuta niligundua kwamba mwaka 1983 Chuo Kikuu cha London kilitoa shahada ya udaktari kwa Bwana Mohammad Abou Egl, kwa tasnifu juu ya maisha na kazi za Muhamadi Kijuma. Niliposoma habari za tasnifu hiyo nilikaa kitako. Huwezi kuandika maisha ya Kijuma ukabaki katika idara moja. Ukitaka kutaja alichotunga, utataja alichokiimba. Ukitaja alichokiimba, utataja kinanda. Ukitaja kinanda, umekwisha ingia karakana. Mwaka 2010 tena mabibi wawili mabingwa, Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, wakatoa Ujerumani kitabu cha maandishi ya Kijuma yaliyotoka katika karatasi za Dammann na hazina nyingine. Njia niliyokuwa nikiambiwa haipo ilikuwa imekwisha pitwa, na aliyeilazimisha ipitwe ni marehemu mwenyewe kwa namna alivyoishi.

Lakini kusoma habari si sawa na kuona, na mimi niliona kwa mara ya kwanza hapa hapa Gongoni. Kuna mzee jirani yangu ambaye kazi yake ni useremala. Siku hizi atengeneza zaidi vitanda na milango ya mbao laini, lakini alipokuwa kijana alifunzwa kuchonga nakshi. Namwita Babu ingawa hatuna udugu. Jioni moja nilimpelekea picha ya ukurasa mmoja wa Kijuma, wenye mapambo yaliyozunguka maandishi. Babu hasomi khati haraka, na macho yake yamepungua. Nilidhani ataniomba nimsomee.

Hakuniomba. Aliweka kidole juu ya pambo la pembeni, akalifuata polepole mpaka kona, akarudi nyuma, akalifuata tena. Kisha akaniambia kwamba mtu huyu hakuanza kwenye kona. Alianza katikati ya kila upande, akapima kwa bikari, akaenda huku na huku mpaka pembe zikakutana. Akaniambia ndivyo kinavyochorwa kizingiti cha juu cha mlango kabla ya kukitia patasi, kwa sababu ukianza pembeni, ua la mwisho hukosa nafasi na mbao imekwisha haribika. Halafu akaniuliza mtu huyu alikuwa akichonga milango ya nani.

Mimi nilikuwa sijamwambia kwamba Kijuma alikuwa mchongaji.

Jambo la pili liko Mambrui, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Pale pana kaburi la kale lenye nguzo, na katika nguzo hiyo zimepachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Nilipita pale mara nyingi nikiendea mambo yangu. Siku hiyo nilikuwa na nakala ya Al-Inkishafi mkobani, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, ambao Kijuma na waandishi wenzake ndio waliotuhifadhia. Mshairi anazitaja zidaka za majumba ya Pate zilizokuwa zikipangwa vyombo, na sasa zimekuwa viota vya ndege. Katika darasa langu nimeifundisha sehemu hiyo miaka kumi na tano kama maneno ya majonzi. Pale Mambrui, nikiitazama kaure iliyoshikwa na chokaa juu ya mtu aliyekwisha kufa karne nyingi, nilifahamu kwamba wasikilizaji wa kwanza wa utenzi ule hawakuwa wakiwaza majonzi kwa jumla. Walikuwa wakiona chombo maalumu, walichokijua bei yake na rangi yake, walichowahi kukigusa nyumbani kwa mtu. Nilikuwa nimewanyima wanafunzi wangu nusu ya shairi.

Niliwaandikia tena wale watu wa chuo. Safari hii sikuanza na nadharia. Nilieleza habari za Kijuma tangu mwanzo hadi mwisho, nikaeleza gungu na tupa, nikaeleza kidole cha Babu, nikauliza ni idara gani kati yao iko tayari kumpokea mtu huyu mzima mzima. Ilipita miezi mitatu. Jawabu lililokuja lilikuwa fupi: wasimamizi wawili, mmoja wa fasihi na mmoja wa sanaa za mikono, wamekubali kunichukua kwa pamoja, ila nijue kwamba nitatahiniwa na pande zote mbili na hakuna upande utakaonihurumia kwa ajili ya mwingine. Niliona ni haki. Hata Kijuma mlango wake haukupunguziwa makosa kwa sababu anajua kutunga.

Mzee Kijuma alifariki Amu mwaka 1945, mwaka vita vilipokwisha, akiwa na umri wa miaka tisini au karibu yake. Hichens na Dammann hawakuwapo, na Bibi Werner alikuwa amemtangulia kwa miaka kumi. Milango ya kuchongwa ilikuwa ikiuzwa, na kinanda cha zamani kilikuwa kikishindana na santuri. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, sisi na yeye.

Wiki ijayo inshaallah nakwenda Amu kwa basi la alfajiri, kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha mashua. Nakwenda kupima milango. Babu ameniazima bikari yake ya chuma, akanionya nisiishike karibu na ncha. Ameniagiza pia nikifika kila mlango nianze kupima katikati, na nikirudi nimpe hesabu za pembe, kwani anataka kujua kama zilikutana.